Kumfundisha mtoto wa chekechea bahari, kuanzia mferejini

Mtoto wa Arusha anaweza kufika darasa la kwanza bila kuiona bahari, ingawa maji ya huku kwetu huelekea huko. Mto Themi unashuka kutoka Mlima Meru, unapita mjini na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa unamimina bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unayafikisha maji Bahari ya Hindi, mkoani Tanga. Ndiyo maana sisi tunaanzia mferejini.

Mkatie mtoto kipande cha gome la mgomba, achomeke kijiti na jani liwe tanga. Kikielea, msimulieni safari yote hiyo, na mfuko wa plastiki unaotupwa mferejini unavyofuata njia ileile. Msimwache peke yake, kwani maji kidogo tu humzamisha mtoto. Mfereji ukiwa na kasi, tumieni beseni.

Pweza ni rahisi zaidi: jani kavu la mgomba, lifungwe juu, lichanwe mikia minane. Mtoto atahesabu mpaka nane bila kuchoka.

Jaribio wanalolipenda ni la yai bichi. Kwenye glasi ya maji matupu linazama. Koroga chumvi, vijiko viwili vikubwa au zaidi, litaelea. Bahari haina chumvi nyingi hivyo, ni kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo yai bichi lingezama hata Pangani. Mkimaliza lipikeni, halijaharibika.