Mtama Wenye Nta: Malisho ya Kiangazi na Hatari ya Maotea

Ndugu mfugaji, ukipita kwenye shamba la mtama, sugua bua kwa kidole gumba. Kitatoka na ungaunga mweupe. Hilo si vumbi wala ugonjwa, ni nta.

Jua likiwa kali, mmea hufunga vitundu vya kupumulia vilivyo kwenye majani, lakini maji huendelea kupotea kupitia ngozi ya jani. Nta hupunguza upotevu huo. Mpunga wetu wa bondeni una nta haba, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukauka upesi maji yakiondoka.

Watafiti wa mbegu huchagua mimea yenye nta nzuri na kuichanganya na yenye mavuno mengi. Kwa mtama, kituo kinachojulikana hapa nchini ni TARI Ilonga, Kilosa. Mbegu ya Macia husifiwa kwa majani yanayobaki mabichi hata punje zikikomaa. Mkulima atahesabu magunia. Wewe hesabu mabua.

Nta ina gharama yake. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe hupata shida kuipenya. Upo mtama usio na nta, na ng'ombe huumeng'enya vizuri zaidi, ila hupoteza maji mengi na majani yake hushikwa na magonjwa. Kwa Kibiti nachagua wenye nta. Katakata mabua vipande vifupi kabla ya kulisha. Na patana na mkulima mapema, hata kwa kubadilishana na samadi. Kuingiza kundi usiku huishia kwenye ugomvi, na ugomvi huo tunaujua.

Kinachoua ni maotea, yaani machipukizi baada ya kuvuna. Mtama mchanga, ulionyauka kwa ukame, au uliochipua mvua iliporudi ghafla, huwa na sumu ya sianidi. Nta haiizuii. Usichunge maotea yaliyo chini ya kiuno cha mtu mzima, na usipeleke ng'ombe wenye njaa kwenye mtama wa kijani. Mabua yaliyokaushwa vizuri juani sumu yake hupungua sana.

Ng'ombe aliyedhurika huhema haraka, hutoa mate, huyumba na kuanguka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Toa kundi lote shambani, kisha mpigie mtaalamu wa mifugo papo hapo. Ipo sindano ya mshipani, lakini hufaa tu mnyama akiwa bado anapumua.