Sakafu ya Mbao juu ya Zege Kuukuu (2): Kupima Unyevu

Wiki iliyopita tulieleza jinsi ya kubandua vigae na kung'oa gundi ya zamani. Kazi hiyo ikiisha, zege hubaki wazi, jeupe, kavu ukiligusa, na fundi huona wakati wa kulaza mbao umefika. Hapo ndipo pa kumzuia. Ukavu wa uso hauthibitishi lolote kuhusu hali ya chini, kwa sababu maji yanayoharibu mbao hupanda kwa njia ya mvuke kupitia vitundu vya zege visivyoonekana kwa macho. Sakafu ikiwa wazi, mvuke huo hupotea hewani bila mtu kujua. Ikifunikwa, hunaswa, upande wa chini wa ubao huvimba kuliko wa juu, kingo zikainuka na katikati pakabonyea.

Nitaambiwa kwamba nyumba ina miaka 40, sasa maji gani yamebaki? Pingamizi hili linachanganya maji ya aina mbili. Yale yaliyochanganywa na saruji siku ya kumwaga zege yamekwisha zamani, hilo nakubali. Ya ardhini hayahesabu umri wa nyumba. Zege likimwagwa juu ya mawe na mchanga bila kutandikwa nailoni, ardhi huendelea kulilowesha, hasa masika, kwenye tambarare za pwani ambako maji hayako mbali. Wengine watasema vigae vilikaa miaka yote bila tatizo. Sawa, ila kigae hakivimbi, kwa hiyo ushahidi wake hauisaidii mbao. Afadhali kutazama unga mweupe wa chumvi kwenye jointi, na plasta inayomomonyoka chini ya ukuta.

Kipimo rahisi ni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kilichobandikwa utepe pande zote na kuachwa angalau saa 16. Matone yakitokea, au zege likigeuka jeusi, jibu limepatikana. Yasipotokea, usishangilie: zege na hewa vikiwa na joto lilelile, matone huenda yasionekane hata kama unyevu upo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene, yaani sentimita 4 kwa zege la sentimita 10, na kuingiza kifaa cha kupimia unyevu. Kwa mbao, kikomo kinachotumika Uingereza ni asilimia 75. Ukizidi hapo, zege lipakwe epoksi ya kuzuia unyevu kwanza. Kifaa kina gharama, kweli, lakini kung'oa sakafu nzima ni ghali zaidi.

Epoksi nayo hutaka uso imara, na hapa niru ina mashaka yake. Ni tabaka jembamba la saruji tupu ambalo likizeeka huweza kuachana na zege. Gonga kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Penye mlio wa kitu kitupu pachimbwe, maana gundi itaishika niru barabara, kisha vyote vinyanyuke pamoja. Sakafu iliyong'arishwa kwa nta nyekundu idondoshewe maji. Yakisimama kama shanga badala ya kunywewa, nta ingalipo, na isuguliwe yote kwa mashine. Kuhusu usawa, pengo chini ya rula ya mita 2 lisizidi milimita 3: penye kinundu pasuguliwe, penye shimo pajazwe, na vumbi lifyonzwe kabla kopo la gundi halijafunguliwa.