Kahawa Haimwamshi Mwenye Malale

Kahawa ya Bugisu, ilimwayo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ni rafiki wa askari wa lindo la usiku. Harufu yake huburudisha, na kafeini iliyomo huuzuia ubongo kuzipokea ishara za uchovu. Hata hivyo, si kila usingizi hufukuzwa kwa kikombe.

Malale huletwa na vijidudu viingizwavyo mwilini na mbung'o. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kando ya Ziwa Viktoria. Vijidudu vikifika kichwani, mwili hupigana navyo humo humo, na ubongo huvimba na kudhurika. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na tabia yake hubadilika. Wenzake humdhani mvivu au mlevi.

Basi familia ikimwona mtu wa namna hiyo, hasa aliyeumwa na mbung'o au asumbuliwaye na homa za mara kwa mara, isimpe kahawa wala lawama. Impeleke hospitali akapimwe damu na maji ya uti wa mgongo. Malale yana dawa, yasipotibiwa huua.