Kiti cha Umukuka na wana watatu wa Masaba

Kila mvutano wa kiti cha Umukuka, kiongozi wa kimila wa Wamasaba, unapozuka Mbale, mashariki mwa Uganda, vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza huuliza mfalme halali ni yupi. Hilo ni swali la mtu aliyezoea habari za Buganda na Bunyoro. Sisi Wamasaba, ambao wengi mnatuita Wagisu, jadi yetu haikuwa na mfalme. Umukuka wa kwanza, Wilson Wamimbi, alishika kiti mwaka 2010.

Kabla ya hapo mtu alikuwa na ukoo. Ukoo ulikaa mgongo mmoja wa mlima wetu, Elgon, na mara nyingi kijito ndicho kilichoutenga na majirani. Wazee waliamua kesi, walipokea fidia ya damu, waligawa ardhi. Chakula kilikuwa ndizi na wimbi, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi yanayoshushwa kutoka msitu wa juu, yakakaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga za kusaga. Pombe ya wimbi ilinywewa kwa mirija mirefu, watu wameuzunguka mtungi mmoja.

Kilichowafanya watu wa migongo hiyo yote wajione ndugu ni imbalu, tohara ya wavulana katika miaka shufwa. Wageni hupiga picha za ngoma za kadodi, za njuga na za unga uliopakwa mwilini, kisha huondoka. Wasichokiona ni hesabu iliyo nyuma ya kisu. Mvulana akisimama wima bila kupepesa jicho anakuwa mtu mzima, na mtu mzima ana haki ya kumdai baba yake shamba na mahari ya kuolea. Mlima wetu umejaa watu, shamba halipanuki. Kwa hiyo siku ya sherehe ni pia siku ambayo baba hupata mdai ndani ya nyumba yake. Mwanaanthropolojia Suzette Heald, aliyeishi Bugisu miaka ya 1960, aliandika sana juu ya uchungu huo kati ya baba na mwana, na nadhani hakuna mgeni aliyetuelewa vizuri kuliko yeye.

Wazee husimulia kwamba Mundu na Sera walitoka mlimani, wakamzaa Masaba, naye Masaba akazaa Mwambu, Mubuya na Wanale. Wana hao watatu ndio sehemu tatu za Bugisu. Watoto wenu huku wanajifunza hadithi ya aina hiyo hiyo shule ya msingi. Mtawa Bede, mwaka 731, aliandika kwamba Waingereza wa kale walitokana na makabila matatu yaliyovuka bahari: Wasaksoni, Waangli na Wajuti. Wanaakiolojia wa leo wanaona mambo yalikuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi. Waingereza hao wa kale walikuwa na falme nyingi zilizopigana wenyewe kwa wenyewe, na fidia ya damu iliyopimwa kwa cheo cha marehemu. Ni vita na Wadenmark vilivyompa Alfred wa Wessex nafasi ya kujiita mfalme wa Waanglo-Saksoni wote.

Kwetu mgeni aliyetusukuma pamoja alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, mfalme wa Buganda, kisha akageukia mashariki na bunduki zake. Baada ya miaka michache alijenga makao Mbale, na mji ukakua hapo. Akaweka Waganda wa kututawala, pamoja na masaza na magombolola yao, yaani kaunti na tarafa, na amri zikatolewa kwa Luganda. Waingereza walimtumia, halafu mwaka 1904 wakampunguzia mamlaka. Mwaka 1906 wakampeleka Jinja kuongoza baraza la Busoga, hadi 1913.  

Chini ya Waganda, mtu wa mgongo huu na wa mgongo ule walipata kitu kimoja cha kulalamikia. Kahawa ikaongeza kingine. Chama cha ushirika cha Bugisu, BCU, kilichoundwa mwaka 1954, kilikusanya arabika ya mlima mzima, na mkulima aliyekuwa akijali kijito chake tu akaanza kugombea bei kama Mgisu.

Sasa turudi kwenye kiti. Umukuka huchaguliwa kwa kipindi cha miaka mitano, na zamu huzunguka kati ya nyumba za Mwambu, Mubuya na Wanale. Bob Mushikori alipofariki mwaka 2021, watu wawili walidai kumrithi, Jude Mike Mudoma na Amram Wagabyalire, na kila mmoja alikuwa na wazee wa kumtetea. Mimi sishangai. Kiti kilichoanza 2010 kinaombwa kiziamuru koo ambazo hazijawahi kuamriwa na mtu mmoja wa kwao.

Mwezi Agosti wa mwaka shufwa Umukuka na wakubwa wa serikali hukaa chini ya mahema pale Mutoto, imbalu ikifunguliwa rasmi, na wavulana wa kwanza hutahiriwa mbele yao. Wengine wote, maelfu, husubiri zamu ya ukoo wao na kusimama kwenye uwanja wa nyumbani kwa baba.