Athari za kemikali za visima vya mafuta kwa uimara wa miamba

Athari za kemikali za visima vya mafuta kwa uimara wa miamba ni mabadiliko ya nguvu ya mwamba wenye mafuta au gesi baada ya kuingizwa asidi, maji au viowevu vingine kupitia kisima. Kemikali hizo hutumiwa ili mafuta yatiririke kwa urahisi, lakini zinaweza kulegeza mwamba uleule unaoyahifadhi.

Muundo wa mwamba

Mafuta hayakai kama ziwa chini ya ardhi, bali katika vitundu vidogo vya mwamba. Katika jiwe mchanga, chembe za mchanga hushikanishwa na madini kama kalisiti, silika na udongo wa mfinyanzi, kama saruji inavyoshika kokoto. Saruji hiyo asilia ikiyeyuka, chembe huachana hata kama zenyewe ni ngumu.

Aina za kemikali

* Asidi hidrokloriki huyeyusha mawe ya chokaa na kufungua njia za mafuta. Huyeyusha pia kalisiti inayoshika jiwe mchanga.
* Asidi hidrofloriki, ikichanganywa na hiyo ya kwanza, huyeyusha udongo wa mfinyanzi na feldispa. Ikizidi, huudhoofisha mwamba kuzunguka kisima.
* Maji yenye chumvi kidogo huvimbisha aina fulani za udongo wa mfinyanzi, nao hulegea kama tofali bichi lililonyeshewa. Kloridi ya potasiamu huongezwa ili kuzuia hali hiyo.
* Rezini hugandisha chembe na kuongeza uimara, lakini hupunguza nafasi ya mafuta kupita.

Mwamba ukidhoofika, mchanga hutoka pamoja na mafuta na kukwangua mabomba na vali. Mwamba ukibonyea, mabomba ya kisima yanaweza kupinda, na ardhi ya juu kushuka.

Mfano wa Ekofisk

Katika eneo la Ekofisk, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, mafuta yamo ndani ya chaki. Mwaka 1984 iligunduliwa kwamba sakafu ya bahari ilikuwa imeshuka, na mwaka 1987 majukwaa yaliinuliwa mita 6. Maji ya bahari yalisukumwa chini ili kurudisha shinikizo, lakini chaki iliendelea kubonyea kwa sababu maji hayo yenyewe huilegeza.

Afrika Mashariki

Nchini Uganda, mafuta yaligunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Yamo katika tabaka za mchanga usioshikamana sana, kwa hiyo kuzuia mchanga usiingie kisimani ni jambo la lazima. Mradi wa Tilenga umepangwa kutumia pia maji ya ziwa kusukuma mafuta.

Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika yote yako katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ikola, katika Mkoa wa Katavi, iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo watu wa nchi nne hulitegemea kwa samaki, maji na usafiri. Chini ya ziwa hilo pia kuna tabaka nene za mashapo, ndiyo maana wataalamu wa mafuta wamevutiwa nalo.

Upimaji

Kabla ya kemikali kutumiwa, vipande vya mwamba hutolewa kisimani. Baadhi hulowekwa katika kiowevu kinachokusudiwa, kisha vyote hukandamizwa hadi vivunjike. Tofauti ya nguvu kati ya vilivyolowekwa na visivyolowekwa huonyesha kama kemikali hiyo inafaa kwa mwamba huo. Matokeo ya mwamba mmoja hayawezi kutumiwa kwa mwingine bila kupima upya.