Altaneta Inapokufa Kati ya Garissa na Wajir

Injini ya pistoni ya Cessna 206, aina ya ndege inayotua bila taabu kwenye viwanja vya murramu, haihitaji betri ili iendelee kuzunguka. Cheche za plagi hutoka kwa magneto mbili zinazoendeshwa na injini yenyewe. Altaneta ikifa, propela haisimami. Kinachoanza kuisha ni umeme wa redio, GPS, taa na flapu.

Altaneta hulisha vifaa hivyo na kuchaji betri. Mkanda ukilegea, brashi zikilika, dayodi zikiungua kwa joto au waya ukikatika kwa mtetemo, mzigo wote huiangukia betri. Rubani asipotazama kipimo cha ampea, anaweza kuruka muda mrefu asijue, na dakika hizo hazirudi. Kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege ndogo nyingi za kisasa zilidai betri ihimili vifaa vya lazima kwa angalau dakika 30. Garissa hadi Wajir ni kama kilomita 250 angani. Katika nusu saa Cessna 206 hukata takriban nusu tu ya umbali huo. Tena hesabu hiyo ni ya betri nzima. Iliyozeeshwa na joto la Garissa yaweza kuwasha injini vizuri asubuhi na bado ikazimika mapema angani, ndiyo maana fundi anapaswa kupima uwezo wake wa kuhifadhi umeme, asiridhike na kuona injini imewaka.

Cessna Caravan, ambayo AMREF Flying Doctors imeitumia kubebea wagonjwa, ina kinga bora: jenereta ya ampea 200, na altaneta ya akiba ya ampea 75 yenye mkanda wake.

Injini zinazoongozwa na kompyuta ni jambo jingine. Mwaka 2007, huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 iliyopaa ikiwa na betri dhaifu ilizimikiwa na injini zote mbili magurudumu yalipokuwa yakikunjwa, kwa sababu umeme ulishuka ghafla.

Rubani wa Cessna 206 anapogundua hitilafu huzima kila kisicho cha lazima, hubakiza redio moja na kuarifu waongozaji mapema. Umeme ukiisha kabla ya kutua, flapu hazishuki. Ndege hugusa chini kwa kasi zaidi na kuhitaji nafasi ndefu ya kusimama. Hapo Wajir, yenye njia ndefu ya kurukia iliyojengwa kwa ajili ya ndege za kijeshi, inafaa kuliko kiwanja kifupi kilicho karibu zaidi.