Maumivu ya kiungo cha taya: Namna yanavyotibiwa na wakati wa kuwahi hospitali

Mtu anayeamka asubuhi akashindwa kufungua kinywa hata kwa kiasi cha kupitisha kijiko cha uji kwa kawaida hudhani kuwa ana tatizo la jino au sikio. Wapo wanaotia dawa ya matone sikioni kwa wiki kadhaa, na wapo wanaong'olewa magego mazima, lakini maumivu hubaki palepale. Mara nyingi chanzo chake kimo katika kiungo cha taya na misuli inayokiendesha, na matibabu yake ni tofauti kabisa na yale ya jino au sikio.

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya tundu la sikio, kila upande wa uso. Mtu akiweka vidole hapo na kufungua kinywa, atahisi mfupa ukitembea. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa wa taya la chini huzunguka mahali pake. Kinapoendelea kupanuka, kichwa hicho huteleza kwenda mbele. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu kinachozuia msuguano. Kisahani hicho kikihama, taya hulia "ka" wakati wa kutafuna au kupiga miayo, na wakati mwingine hukwama.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni vidole. Mtu mzima mwenye taya lenye afya kwa kawaida anaweza kusimamisha vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Upana huo hukaribia milimita 40. Asiyeweza kupitisha zaidi ya vidole viwili anapaswa kumwona daktari wa kinywa na meno. Taya linalolia bila maumivu wala kukwama, kwa kawaida, halihitaji tiba yoyote.

Chanzo hakifanani kwa wote

Maumivu ya muda mrefu kwa kiasi kikubwa hutokana na misuli iliyochoka. Kubana meno mchana, kusaga meno usiku, msongo wa mawazo na kutafuna vitu vigumu kwa muda mrefu huchangia hali hiyo. Kwa wengine chanzo ni kisahani kilichohama, ugonjwa wa baridi yabisi, au pigo la ajali.

Kinywa kinaweza pia kukaza siku chache baada ya kuchomwa sindano ya ganzi au kung'olewa gego la mwisho. Hali hiyo, ikiwa haina homa wala uvimbe unaoongezeka, kwa kawaida huachia yenyewe polepole, ikisaidiwa na kitambaa cha moto na mazoezi mepesi ya kufungua kinywa.

Kwa jamii za mwambao na za mijini ipo sababu nyingine isiyozungumzwa vya kutosha: popoo. Kutafuna popoo kwa miaka, iwe ndani ya tambuu au katika pakiti zilizochanganywa na tumbaku, hufanya ngozi laini ya ndani ya mashavu kuwa ngumu, nyeupe na yenye makovu, hadi kinywa kisifunguke. Maelezo ya awali ya kitabibu kuhusu ugonjwa huo, yaliyotolewa mwaka 1952, yaliwahusu wanawake watano wenye asili ya India waliokuwa wakiishi Kenya. Makovu hayo hayarudi nyuma kirahisi, na yanaweza kugeuka saratani. Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha popoo kabisa. Mazoezi, dawa na upasuaji hufuata kulingana na ukali wa ugonjwa.

Tiba huanza na mambo mepesi

Wagonjwa wengi wa maumivu ya misuli na kiungo cha taya hupata nafuu bila upasuaji. Katika wiki za mwanzo mgonjwa hushauriwa kulipumzisha taya: ale vyakula laini kama uji, mtori, wali uliopikwa ukalainika na viazi vya kuponda, aache muwa, mahindi ya kuchoma na bigijii, akate chakula vipande vidogo, na ashikilie kidevu kwa mkono anapopiga miayo. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto yasiyounguza, kikiwekwa shavuni kwa dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, hulegeza misuli.

Tabia ya kubana meno nayo hurekebishwa. Taya likiwa limetulia, midomo hugusana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Mgonjwa akijikumbusha hilo kila anapofanya kazi, huondoa mzigo mkubwa katika kiungo.

Dawa za kutuliza maumivu zinaweza kusaidia kwa muda mfupi. Hata hivyo, dawa kama ibuprofeni hazifai kwa kila mtu. Wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo na wajawazito wanatakiwa kupata ushauri wa mtaalamu kwanza.

Kwa maumivu yaliyodumu miezi 3 au zaidi, mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la BMJ uliweka mbele tiba za aina mbili. Ya kwanza ni mazoezi ya taya na ya mkao wa shingo yanayosimamiwa na mtaalamu, pamoja na kunyooshwa na kukandwa kwa misuli. Ya pili ni ushauri nasaha unaomfundisha mgonjwa kukabiliana na maumivu na msongo. Mwongozo huo ulitahadharisha vikali dhidi ya vifaa vya kinywani vinavyobadilisha mpangilio wa meno moja kwa moja, na dhidi ya kuondoa kisahani cha kiungo.

Wakati upasuaji unapohitajika

Upasuaji una nafasi yake. Mtoto aliyeanguka na kugonga kidevu anaweza kuvunjika mfupa karibu na sikio bila mzazi kugundua. Baada ya muda mifupa ya kiungo huungana, kinywa hufungwa na taya huacha kukua sawasawa. Hapo daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya hulazimika kukata mfupa ulioungana, na mgonjwa hufanya mazoezi kila siku kwa miezi mingi ili kiungo kisigande tena. Kwa hiyo mtoto aliyeumia kidevu na kushindwa kufungua kinywa vizuri apelekwe kuchunguzwa mapema, hata kama jeraha la nje limepona.

Taya lililochomoka na kuacha kinywa wazi hurudishwa hospitalini kwa mikono ya daktari. Linaporudishwa mapema kazi huwa nyepesi, kwani misuli huzidi kukaza kadiri muda unavyopita. Jamaa wa mgonjwa wasijaribu kulisukuma wenyewe.

Dalili zisizosubiri kesho

Kinywa kinachokaza pamoja na homa, uvimbe chini ya taya au shingoni, kushindwa kumeza mate au kupumua kwa shida ni dharura. Usaha unaotokana na jino bovu unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitali mara moja, na asipewe chakula kwa nguvu.

Vivyo hivyo, taya linalokaza pamoja na shingo, au misuli inayoshtuka kwa mgonjwa mwenye kidonda, hata kidogo, linaweza kuwa dalili ya pepopunda. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akashindwa naye apelekwe haraka. Ugonjwa huo unazuilika kwa chanjo, ambayo hutolewa kwa watoto na kwa wajawazito katika vituo vya afya.

Kwa wengine wote, safari ianzie katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye huduma ya kinywa na meno. Mgonjwa aeleze maumivu yalianza lini, anaweza kupitisha vidole vingapi, na anatafuna nini kila siku. Kabla ya kukubali jino ling'olewe, ana haki ya kuuliza iwapo jino hilo ndilo lenye ugonjwa.